Mama wa Ukutani

Simu ilinipata nimejilaza na viatu miguuni. Ilikuwa Ijumaa alasiri, nimetoka kusahihisha mitihani ya darasa zima, na huku Timboroa ninakofundisha ukungu ulikuwa umeshashuka hadi madirishani. Aliyepiga ni mshonaji mzee wa Eldoret, mama mmoja ambaye mpaka leo ana cherehani yake kwenye veranda ya mtaa wa maduka ya zamani. Hakupoteza muda na salamu.

"Mwalimu, wanapaka hii nyumba yote rangi ya kampuni. Wameanza huko nyuma. Kesho watakuwa hapa mbele. Kama unataka kumuona, kuja asubuhi."

Nilimwambia nitakuja, halafu nikabaki nikitazama dari na kujiuliza kama nina nguvu za kwenda. Nakuambia ukweli, rafiki yangu, nimefika umri wa kuchoka kabla kazi haijaanza. Lakini aliyetajwa kwenye simu ile ni mama yangu, na kesho yake angefunikwa. Asubuhi nikajikaza kisabuni, nikateremka mjini.

Ukisikia mama yangu atafunikwa utafikiri ni mazishi. La. Mama alizikwa zamani, Moiben, nyuma ya ghala la mahindi, mimi nikiwa sijui hata kuunga maneno mawili. Huyu wa mjini ni mchoro. Ni mwanamke aliyechorwa kwenye ukuta wa duka la nguo, ameketi nyuma ya cherehani, kitambaa kichwani, uso ameugeuza kidogo kama aliyeitwa na mtu anayemjua. Chini yake fundi aliandika kwa herufi nyekundu kwamba hapa sare za shule hushonwa. Huo ndio uso wa mama niliokua nao, kwa sababu mwingine sikuwa nao. Picha yake ya kweli ilikuwa moja tu, ile ya kitambulisho, na unajua sheria yetu: mtu akifariki, kitambulisho hurudi serikalini. Nyanya alikikabidhi kwa chifu, akapewa makaratasi ya kifo, akarudi nyumbani kukamua. Hakuna aliyemshauri atafute kwanza mtu wa kumtolea nakala.

Nyanya ndiye aliyenilea. Alikuwa na ng'ombe wachache wa maziwa, shamba la mahindi, na mdomo usioogopa mtu. Kazi zetu zilifuata jua. Tulikamua kabla halijatoka, tukapeleka maziwa barabarani, tukachota maji, tukapalilia, na wakati wa mavuno tukaanika mahindi juu ya turubai na kuyakusanya mbio mvua ya alasiri ilipoanza kunguruma upande wa msitu. Jioni tulikula ugali na mursik, yale maziwa ya kugandisha kwenye kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa, na harufu yake ya moshi mpaka leo hunikuta mahali nisipoitarajia, nikapoteza nilichokuwa nikisema.

Safari ya mjini ilikuwa sikukuu yetu. Tulipata nafasi mbele ya lori la maziwa, nyanya katikati na mimi mlangoni, mikebe ikigongana nyuma njia nzima. Dereva alitushusha ukingoni mwa mji. Hapo palikuwa na kibanda cha mama mmoja muuza viazi, na kwake ndipo watu wa mashambani walipobadilisha viatu. Hakuna aliyetaka kuingia Eldoret na gambuti zenye matope. Nyanya aliketi juu ya gunia, akavua gambuti zake, akatoa kwenye kikapu viatu vyeusi vyenye kisigino kifupi, akavipangusa na kuvivaa huku akiguna kwa sababu vilimbana. Gambuti zetu tuliziacha pale, zimepangwa na za wenzetu ukutani, na sijawahi kusikia jozi hata moja imepotea.

Baada ya hapo alikuwa mtu mwingine. Alitembea kama mkaguzi aliyetumwa kuukagua mji na kupeleka ripoti. Kila barabara nilinyoosha mkono pembeni, akaushika, tukavuka. Alinifundisha kuinua macho, maana mambo mazuri ya Eldoret, alisema, yako juu ya milango, na watu wa mjini hawana habari kwa sababu wanatazama vichwa vya wenzao. Kweli, ukiinua macho uliona maduka yaliyojengwa na Wahindi wa zamani, yenye nguzo nene mbele, na juu kabisa ya paa kibao cha saruji chenye jina la mwenyewe na mwaka wa kujenga. Kuna majina yaliyozungushiwa maua ya saruji, na mengine jua la nusu duara lenye miale. Nyanya hakujua kusoma, kwa hiyo mimi nilisoma na yeye akatoa maoni. Nguzo fulani alizisifu kwamba zimelishwa vizuri. Jumba la ghorofa nyingi lenye madirisha kila mahali alilitazama kwa huruma.

"Sasa huyo mtu anafunga hizi madirisha zote jioni," aliuliza, "yeye atalala saa ngapi?"

Jengo alilopenda zaidi ni pale ilipokuwa benki ya wakoloni. Unaijua hadithi yake, kila mtoto wa Eldoret ameisikia. Wazee walisimulia kwamba sefu ya benki, lile sanduku zito la chuma, ililetwa na gari la ng'ombe, ikaanguka chini, na watu wote waliokuwepo wakashindwa kuiinua. Basi wakaijengea ukuta palepale ilipoangukia, na hiyo ndiyo ikawa benki. Kila tulipopita hapo nyanya alisimama, akacheka peke yake, akasema, "Walishindwa kubeba sanduku, wakaliletea nyumba." Ungedhani ni habari ya jana.

Lakini hayo yote yalikuwa ya njiani. Tulikuwa tunakwenda kumsalimia mama.

Mtaa ule wa washonaji uliusikia kabla ya kuuona. Cherehani zilikuwa zimepangwa kwenye veranda kutoka mwanzo hadi mwisho, zote zikikwaruza kwa pamoja, na pasi za mkaa zikitoa moshi mwembamba ulioniwasha pua. Palinukia kitambaa kipya na mafuta ya mashine. Mama alishona pale siku za uhai wake, hilo ni kweli tupu, na washonaji walimkumbuka. Tulipotokea walipunguza mwendo wa mashine zao, mmoja baada ya mwingine, hadi veranda ikanyamaza. Nyanya alifika mbele ya ule ukuta, akachukua pembe ya leso yake, akapangusa vumbi usoni mwa mama polepole, kwanza paji, halafu mashavu. Kisha akampa habari. Alimwambia ng'ombe gani amezaa na ni ndama wa aina gani, mahindi yamefika wapi, nani ameoa, na mimi nimeng'oa jino lipi. Alinigeuza nionyeshe pengo. Nilifungua mdomo mbele ya ukuta na sikuona ajabu yoyote.

Mshonaji yule aliyenipigia simu alikuwa msichana wakati huo. Kazi yake ilikuwa kunipa vipande vya kitambaa vilivyobaki, na kusema kila mara, "Mama amefurahi leo, umeona?" Na mimi nilikuwa nimeona.

Sikumbuki nilikuwa na umri gani siku tulipoingia hoteli fulani karibu na soko kunywa chai. Huenda nilikuwa sijaanza shule. Nyanya alikuwa akipuliza chai yake, mimi nina mandazi mkononi, na juu ya mlango wa jikoni kulikuwa na mwanamke aliyechorwa amebeba trei yenye vikombe vinavyotoa moshi. Kitambaa chake kilikuwa cha rangi nyingine, lakini uso ulikuwa uleule, na umegeuka vilevile.

"Kogo!" nilipiga kelele, maana ndivyo tunavyomwita nyanya kwetu. "Mama yuko hapa pia!"

Hoteli nzima iligeuka. Nyanya aliweka kikombe chini, akautazama ule mchoro, akanitazama mimi.

"Eeh," akasema. "Naona wamemuongezea kazi."

Kuanzia siku hiyo tukawa na vituo viwili, na macho yangu hayakutulia tena. Siku nyingine nikamkuta kwenye ukuta wa duka la dawa, amempakata mtoto mnono mwenye vijishimo mikononi. Huyo alinichoma, rafiki yangu. Nilisimama nikamkodolea macho yule mtoto hadi machozi yakaanza kunilenga.

"Huyo mtoto ni nani?" nikauliza.

Nyanya hakusita hata kidogo. "Si ni wewe? Ulikuwa mnono hivyo. Sasa umekonda kwa sababu hutulii."

Niliondoka pale nimejaa furaha. Wiki nzima niliwasimulia watoto wa jirani kwamba niko mjini, ukutani, na nimenona.

Kwa hiyo utaelewa nilivyojua mji ule. Wenzangu walijua soko na kituo cha magari, basi. Mimi nilijua kila kona, kwa sababu kutoka ukuta wa washonaji hadi hotelini tulipita benki ya sefu, kutoka hotelini hadi duka la dawa tulipita kanisa la mawe lenye vioo vya rangi, na nyanya alipenda tuingie kidogo tuone jua likimwaga wekundu na bluu juu ya viti vitupu. Tulipita msikiti, tukausifu mnara wake. Baadaye mji ulipoanza kujivunia wakimbiaji wake, tulipita pia mbele ya mchoro wa mwanariadha aliyeinua mikono, na nyanya akasikitika kwamba kijana wa watu ameachwa na nguo nyepesi namna ile kwenye baridi yote hii. Mvua ikitukuta, tulijibanza chini ya veranda na wengine, mahindi ya kuchoma mkononi, tukisikiliza mabati yakipigwa hadi hakuna aliyeweza kuzungumza. Sijui kama nimewahi kupumzika tena namna ile.

Siku moja tukamkuta fundi mwenyewe kazini. Alikuwa mtu wa kutoka Mkoa wa Kati, wa wale waliokuja kulima na kufungua maduka, mwembamba, mwenye koti lililojaa rangi. Alikuwa akichora ukuta wa saluni ya nywele. Kwanza alipigilia katoni juu ya ukuta, katoni iliyotobolewa matundu madogo madogo kwa sindano. Halafu akachukua kitambaa alichofunga unga wa mkaa ndani yake, akawa anakipigapiga juu ya katoni, taratibu, kama mama anayempaka mtoto poda. Alipoiondoa, uso wa mama ulikuwa umebaki ukutani kwa vidoti vyeusi. Macho yalikuwepo, na pua, na ule mgeuko wa shingo. Niliamini kabisa nimemuona akija.

Mtu mwenye akili timamu angeelewa palepale. Katoni ilikuwa ileile moja, na fundi aliitumia kila alipoambiwa achore mwanamke, akabadilisha nguo na kazi tu. Nyanya alielewa, nina hakika. Aliiangalia ile katoni iliyoegemezwa chini, akaangalia vidoti, akaniangalia mimi niliyekuwa nimefunga mikono kifuani kama niko kanisani. Kisha akamsogelea fundi.

"Fundi, fanya pole pole," akamwambia. "Huyu mtoto anaangalia mamake."

Fundi alitugeukia, brashi mkononi. Alimtazama nyanya, na nyanya akamtazama yeye. Aliteremka ngazi, akachuchumaa mbele yangu.

"Haya, kasichana. Tumvalishe nguo ya rangi gani?"

Nikasema ya maruni, kwa sababu sare ya shule niliyokuwa nikiitamani ilikuwa ya maruni. Hakuwa nayo. Alichanganya nyekundu na nyeusi kidogo kwenye mkebe, akanionyesha, nikatikisa kichwa, akaongeza, nikakubali. Tulikaa pale hadi akamaliza bega moja, na dereva wa lori nusura atuache.

Ukweli niliambiwa nikiwa nakaribia kumaliza shule ya msingi. Tulikuwa tunapukuchua mahindi, tumeketi tukitazamana, rundo la magunzi limeanza kufika magotini. Nilikuwa nimekua kiasi cha kufanya hesabu. Nilimuuliza nyanya ilikuwaje mama achorwe saluni wakati saluni ile ilifunguliwa yeye akiwa ameshazikwa.

Hakuacha kupukuchua. Aliniambia nilipokuwa mdogo niliuliza kila siku mama anafananaje, na yeye hakuwa na picha ya kunionyesha. Alijaribu kueleza kwa maneno akashindwa, maana kila alipoanza kueleza alianza kulia. Siku moja amenibeba mgongoni, ametembea mji mzima kutafuta dawa ya ng'ombe, mvua imemlowesha, viatu vimemkata, akapumzika pale kwa washonaji. Nikanyoosha kidole ukutani nikauliza, "Huyo ni mama?"

"Nilikuwa nimechoka," nyanya akasema. "Nikasema ndio."

Alitupa gunzi kwenye rundo, akachukua hindi lingine.

"Mara moja tu ukalala. Ukalala vizuri, hukuuliza tena. Kesho yake nikataka kukuambia, nikashindwa. Hiyo neno ilikuwa imeanguka kama ile sefu ya benki. Sasa ningefanya nini? Nikajenga hapo hapo."

Nilimuuliza kama mama alifanana hata kidogo na yule wa ukutani. Akafikiri. Akasema kitambaa alikifunga hivyohivyo.

Ungetarajia nikuambie nililia, au nilimkasirikia. Sikufanya hivyo. Nakumbuka nilihisi uchovu, labda uchovu wangu wa kwanza wa mtu mzima, nikaendelea kupukuchua hadi vidole vikachubuka. Na shule zilipokaribia kufunguliwa tukapanda lori kama kawaida. Tukabadilisha viatu kwa mama wa viazi. Tukafika kwa washonaji, wakanyamazisha mashine zao, nyanya akashika pembe ya leso akapangusa ule uso, akaanza kutoa habari za ng'ombe. Ilipofika zamu yangu niliyasema matokeo yangu ya mtihani kwa sauti, mbele ya ukuta, nikijua ni ukuta. Tulifanya hivyo miaka yote iliyofuata, na hatukulizungumzia tena.

Nyuso zilianza kupotea moja moja, na mara nyingi tulichelewa kujua. Hoteli ilibomolewa kupisha jumba la vioo ambalo ukilitazama unajiona mwenyewe tu. Duka la dawa likabandikwa vigae vyeupe, na mtoto yule mnono akabaki nyuma yake. Saluni ilifunikwa kwa bango la plastiki lenye wanawake wa kuchapishwa, kila mmoja mzuri, hakuna hata mmoja anayekutazama. Fundi wa katoni sikumuona tena. Kulikuwa na mwaka mbaya wa vurugu za uchaguzi ambao watu wengi waliotoka Kati walifunga mizigo wakaondoka, na wako waliorudi na ambao hawakurudi. Nyanya alimuulizia mtaani mara kadhaa, watu wakawa wanatazama chini.

Halafu nyanya mwenyewe akaacha kwenda. Kwanza alisema viatu vinambana. Baadaye akasema mji umekuwa na kelele. Mwisho alinituma peke yangu, akinipa habari za kupeleka, ng'ombe kwa ng'ombe, na niliporudi aliniuliza, "Ulimwambia?" Nikasema nilimwambia. Alifariki usingizini msimu wa kupanda, na tangu hapo nimekuwa nikipita pale kwa washonaji mara moja moja, nikiwa na haraka, kama mtu anayepitia kwa jamaa kwa sababu asipopita itakuwa aibu.

Sasa rudi nami Jumamosi hiyo. Siku hizi Eldoret ni jiji, na asubuhi yake ina pikipiki nyingi kuliko watu. Kibanda cha mama wa viazi ni kituo cha mafuta. Nilitembea nikiinua macho kwa mazoea, na zile tarehe za saruji bado zipo chache juu ya mapaa, zimepakwa rangi juu ya rangi hadi tarakimu zimevimba. Washonaji waliobaki ni watatu. Mshonaji wangu mzee alikuwa amejifunika shali, cherehani yake ameisogeza mbali na ukuta, na nyuma yake mafundi walikuwa wameshasimamisha majukwaa ya mbao. Nusu ya jengo ilikuwa bluu iliyokolea. Ukuta wa mama ulikuwa unafuata.

Alikuwa amefifia. Nguo ilikuwa imebabuka yote, na mkono mmoja umeliwa na unyevu. Lakini uso ulikuwepo.

"Mathe, songa kidogo," fundi mmoja akaniambia. "Rangi itakuangukia."

"Muache," mshonaji akamfokea. "Huyo wa ukuta ni mamake."

Fundi akashusha rola. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi mbili tatu kidevuni, na naona alikuwa na mama yake mahali fulani, kwa sababu alivua kofia. "Pole sana. Sisi hatukuambiwa," akasema. Akamwita mwenzake, wakashauriana. Akaniambia anaweza kumpigia mwenye nyumba, waombe kile kipande kiachwe. Wangezungushia mkanda, wakapaka pembeni, haingekuwa kazi. "Lakini kwanza simama hapo nikupige picha na yeye," akasema. Nikampa simu yangu. Nikasimama.

Aliitazama ile picha kabla ya kunirudishia, akacheka kwa upole. "Huyu anakaa kama binti yako."

Nikaitazama na mimi. Kweli, mwanamke wa ukutani alikuwa msichana. Aliyesimama kando yake alikuwa mama mzee wa sweta, mabega yameshuka, macho yamechoka, na sikuwa na haja ya kuuliza nimemuona wapi. Nilikuwa nyanya mwenyewe. Ile mifupa ya mashavu, lile jicho moja lililofumba kidogo kuliko lenzake, mdomo uliokazwa kama unaozuia jibu. Maisha yangu yote nilihangaikia uso nisiokuwa nao, na huu nilikuwa nimepewa bila kuuomba. Nikalia pale kwenye veranda. Mshonaji alinipa kipande cha kitambaa nijifute.

"Nimpigie mwenye nyumba?" fundi akauliza.

Nilijaribu kufikiri. Nilimwona yule msichana akiwa amebaki peke yake katikati ya bluu yote ile, amezungushiwa mkanda, watu wapya wa jiji wakipita na kuulizana ni nani. Mshonaji angewaeleza kwa muda, naye ana miaka mingapi tena? Aliyemfanya kuwa mama ni mtu mmoja, siku moja ya mvua, kwa neno moja la uchovu. Alikuja mwaka hadi mwaka kulitunza neno lake kwa pembe ya leso. Bila yeye, rafiki yangu, ilikuwa rangi tu. Na huyo niliyemlilia hakuna fundi aliyemchora popote.

"Msimpigie," nikasema. "Pakeni."

Fundi aliniuliza kama nina hakika. Nikasema ndio. Akavaa kofia yake, akapanda jukwaa, akaanzia chini, kwenye cherehani na yale maandishi mekundu, nadhani ili kunipa nafasi ya kuondoka. Sikuondoka. Rola ilipofika usoni macho yaliendelea kuonekana chini ya bluu, mepesi, halafu akarudia, na ukuta ukawa ukuta.

Nilimuaga mshonaji, nikashuka ngazi za veranda hadi kando ya barabara. Pikipiki zilikuwa zinapita mfululizo. Nikasimama pale, mwanamke mwenye mvi, mwalimu wa watu, na ilinichukua muda kutambua kwamba nilikuwa nimenyoosha mkono pembeni, nikingoja ushikwe tuvuke.